Mzigo wa Koko Mlangoni

Nsimire mwanangu,

Mama yako anapiga pasi blauzi zako nyeupe kwa mara ya pili, ingawa mara ya kwanza hazikuwa na kosa lolote. Makaa yanakaribia kuisha na hataki nimsemeshe. Wewe umekwenda Kadutu kuwaaga rafiki zako wa shule ya uuguzi, na mvua imeanza, kwa hiyo mtangoja ipite mkipiga soga. Nina saa mbili, labda tatu, kabla sijasikia viatu vyako kwenye ngazi. Kuna jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo tangu Jumapili.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala za kuchemsha maji, wala za kuchagua watu wa kuazima sufuria zako. Muuguzi ni wewe. Mimi ni karani niliyezeekea kwenye mashine ya kuandika. Na hayo yote mama yako ameshayasema na atayarudia kesho alfajiri mpaka kamyo ya Mwenga iwashe moto na kukuchukua. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshachana karatasi tatu nikitafuta pa kulianzia.

Nianzie mezani. Jumapili tulikuwa tunakula bugali na sambaza, na mama yako akakuuliza, kwa ile sauti yake ya kujifanya hana wasiwasi, utafanya nini huko Luhwindja siku watu wenye bunduki wakiteremka kwenye kituo chenu cha afya. Ukacheka. Ukainua kidevu kama unavyokiinua tangu utoto, ukasema:

"Maman, miye niko mujukuu wa Koko. Koko hakukimbia. Na miye sitakimbia."

Nikapaliwa. Mkanipiga mgongoni, mkanicheka kwamba papa ameshindwa na samaki mdogo kuliko kidole, na mazungumzo yakapita. Tangu siku hiyo usingizi umenihama. Kazini naandika jina la mtu mahali pa tarehe. Kwa sababu wewe unakwenda kwenye milima yenye dhahabu, na palipo na dhahabu siku hizi panafika kila aina ya jeshi, na kumbe ndani ya sanduku lako unabeba hadithi ambayo inaweza kukuua. Hadithi hiyo niliitunga mimi. Koko hakukataa kukimbia, Nsimire. Alitaka kukimbia. Nilimfungia mlango.

Nimeandika. Nimeinuka, nimeangalia barabarani, huonekani bado. Sasa niendelee kabla moyo haujageuka.

Wewe ulimjua Koko akiwa mzee wa mlangoni, na goti lake, na ubishi wake wa asubuhi. Mimi, mwanawe, nilimjua akiwa mgongo. Alizaliwa huko huko Luhwindja unakokwenda, binti wa mchimbaji ambaye maisha yake yote hakupata dhahabu ya kujaza jino. Akaolewa mjini, akafiwa na mume mimi nikiwa na miaka minne. Matanga yalipokwisha akachukua mugozi, ile kamba ambayo wanawake wetu wanaipitisha kwenye paji la uso ili mzigo ukae mgongoni, akateremka ufukweni kutafuta cha kubeba. Alibeba mihogo iliyoletwa na mitumbwi kutoka Kalehe. Alibeba mbao. Alibeba mchanga wa kujengea nyumba za wakubwa wa Ibanda, akipanda nao vilima vya mji huu ambavyo hata mbuzi huvifikiria kwanza. Unakumbuka alikuwa na bonde dogo hapa juu ya nyusi, kamba ilipochimba? Ulikuwa unalaza kidole chako ndani yake, ukimuuliza kama linauma. Alikuwa anakujibu, "Hapo ndipo diplome ya papa yako ilipitia." Halafu ananitazama mimi na kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Ndiye mtu ambaye mimi, mwenye diplome, niliona kwamba atatuchelewesha njiani.

Ili uelewe kosa lenyewe lazima nikurudishe miaka ya uporaji, kabla ya vita, wewe ukiwa bado unanyonya kidole. Askari wasiolipwa walikuwa wamejigeuza wezi wa magodoro, wakipita mtaa kwa mtaa. Waporaji wale walikuwa wavivu. Walipenda nyumba yenye mtu ndani, wamtishe, afungue mwenyewe. Kwa hiyo mtaa wetu ukajifunza ujanja: jirani mmoja anawafungia wote kwa kufuli kubwa kutoka nje, nanyi mnalala chini kimya kama mmekufa. Wakikuta kufuli na hakuna mtu wa kuamrisha, wanatikisa mlango, wanatukana, wanakwenda kwingine. Kwetu ilifaa. Siku mbili, ikaisha, na sisi hatukupoteza hata kijiko. Nikajiona mtu mwenye akili sana. Nikaweka mlango wa chuma, nikachomelea nondo kwenye madirisha yote, nikanunua kufuli ya manjano nzito kama jiwe la kusagia. Wageni wakija nilikuwa nawaonyesha.

Vita ya kwanza ilipofika tuliipokea kwa akili ile ile. Kila mtu niliyemuuliza alisema siku mbili. Hata mimi niliwaambia watu siku mbili, kama vile nimepewa taarifa.

Asubuhi ile milio ilikuwa inatoka upande wa Ruzizi. Mama yako alitangulia na majirani, ndugu yako mgongoni, wewe ukimshika kikwembe, kuelekea Kalehe kwa mama yako mdogo. Ulikuwa na miaka tisa. Tulikubaliana kwamba mimi nitabaki nyuma kidogo, nifunge nyumba, nimlete Koko polepole. Labda umesahau, lakini ulimpungia mkono ukiwa kwenye kona, na yeye akakuitikia kutoka kizingitini kwamba tunakuja nyuma yenu.

Nikaingia chumbani kutafuta vyeti vyangu. Ndiyo, vyeti. Watu wanakufa chini ya mlima na mimi napekua bahasha. Nilipotoka nikamkuta mama yangu amesimama mlangoni, tayari. Mzigo wake ulikuwa mgongoni, umefungwa vizuri ndani ya kikwembe, na mugozi uko kwenye paji la uso, mahali pake pa siku zote. Alikuwa ameinama kidogo mbele kama wanavyoinama wabebaji kabla ya kuanza kupanda.

"Tuende," akasema.

Nikaangalia goti lake. Nikaangalia barabara, watu wanavyopita mbio. Nikapiga hesabu ambayo sijawahi kuimaliza mpaka leo: akitembea hivi, tutawafikia kina mama yako lini? Nikamwambia abakie. Mkubwa wetu kazini alikuwa ametuahidi jana yake kwamba magari ya biro yatachukua jamaa za wafanyakazi. Nikamwambia nitakwenda kuchukua gari, nitarudi naye leo leo, au kesho asubuhi sana. Nitamfungia kwa nje kama wakati ule, atulie tu, asiitike hata akiitwa.

"Deo," akasema, "miye niko natembeya."

"Maman, goti yako."

Hakubishana. Yeye aliyebishana na kila mtu, mpaka na mchungaji, siku ile hakubishana. Alinitazama, akaitoa kamba kwenye paji la uso, akateremsha mzigo, akakaa juu yake. Nikamwachia beseni la maji, sufuria ya maharagi, mihogo michache. Nikafunga kufuli. Nilisubiri kidogo nje ili nisikie kama atasema kitu. Kisha nikashika njia ya Ibanda.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sikumwambia mtu yeyote, hata Koko mwenyewe hakuijua. Nilipofika Ibanda nilikuta geti la biro liko wazi na uani hakuna gari hata moja. Mlinzi alikuwa anavua sare yake. Aliniambia magari yaliondoka jana na wakubwa. Nsimire, kutoka pale mpaka nyumbani ni dakika ishirini. Ningeweza kurudi. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilisimama pale getini nikiushika kwa vidole, watu wakinigonga mabega, na kila niliyemwona alikuwa anakwenda upande mmoja tu. Nikajiambia nitapata gari nyingine huko mbele. Nikawafuata.

Niliwafikia njiani, Kavumu, jioni. Ukanikimbilia, ukaangalia nyuma yangu, ukauliza, "Papa, Koko iko wapi?"

"Amekatala," nikasema.

Neno moja tu, mwanangu. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe kama kikohozi, na likishatoka sikuweza kulirudisha. Mama yako alinitazama muda mrefu, kisha akamhamisha mtoto kutoka mgongoni kwenda kifuani, tukaendelea kutembea.

Kalehe unaikumbuka. Unakumbuka baridi, na kwamba ulilia usiku na mchana kwa ajili ya triko yako ya kijani, ile sweta mama yako aliyokufumia, ambayo ilisahaulika nyumbani kwenye msumari. Nilikukemea. Nilikwambia kwa wakati huo imeshavaliwa na mtoto wa mporaji, unyamaze. Nilikuwa na hasira na kila kitu kilichonikumbusha nyumba ile. Siku ya nne wanaume watatu wa mtaa wetu waliamua kurudi Bukavu kwa miguu kuangalia mali zao. Walinipitia. Walisema njia ni mbaya lakini inapitika. Nikawaambia siwezi kuwaacha watoto. Mlikuwa kwa mama yenu mdogo, mnakula, mmelala chini ya paa. Niliogopa tu. Ningesema naogopa, labda mmoja wao angechukua ufunguo akamfungulie mama yangu. Lakini kusema naogopa kulikuwa kunahitaji kwanza niseme kwamba kuna mtu ndani.

Nilirudi siku ya kumi na moja.

Mvua hii inapiga mabati kama wakati ule. Yalikuwa ndiyo majira yake, na ndiyo iliyomponya. Alikuwa anatoa mkono kati ya nondo za dirisha la jikoni, zile nondo zangu, anakinga kikombe kwenye maji yanayotiririka kutoka bati. Mihogo aliila mibichi makaa yalipokwisha. Walikuja watu mara tatu kutikisa mlango, aliniambia baadaye, na mara zote tatu alinyamaza kama nilivyomwagiza. Kufuli haikuguswa. Ujanja wangu ulifanya kazi, Nsimire. Hatukuibiwa kitu chochote.

Nilipofungua alikuwa amekaa chini, nyuma tu ya mlango, ameegemea mzigo wake. Ulikuwa bado umefungwa, mugozi umezungushwa juu yake. Alikinga macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga. Nyumba ilikuwa inanuka, sitakueleza zaidi. Nilipiga magoti nikitaka kumshika, na nilipomwinua hakuwa na uzito wa mtu mzima.

"Ulikawiya," akasema. Halafu: "Acha mulango wazi."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia, sijui kumwambia nini, Mzee Cirhuza akaingia uani. Unamjua, shemasi wetu wa nyumba ya juu. Naye alikuwa amerudi saa ile ile. Akaiona kufuli mkononi mwangu, akamwona Koko mikononi mwangu, akasimama. Akauliza polepole:

"Maman, mulikuwa mu nyumba siku zote hizi? Nani alibafungia?"

Na mama yangu, ambaye hakuwa na nguvu ya kusimama, akapata nguvu ya kusema hivi:

"Ni miye nilikatala kukimbia. Na hii miaka yangu, nikimbie wapi? Nikamwambia Deo anifungie, wale batu bazani nyumba haina mutu."

Hakunitazama alipokuwa anasema. Alikuwa hajui hata kwamba mimi nimeshasema neno hilo hilo Kavumu. Tulikutana katika uongo mmoja bila kupatana, yeye kwa huruma, mimi kwa woga. Mzee Cirhuza akavua kofia yake mbele ya Koko. Jumapili iliyofuata akaisimulia kanisani, na mwezi haukuisha kabla mtaa mzima haujajua habari za mama wa Luhwindja aliyelinda nyumba ya mwanawe peke yake siku kumi na moja. Watu walinipongeza kwa kuwa na mama kama huyo. Nilikuwa naitika asante.

Naona umeshaanza kuyaunganisha mwenyewe. Mlango wa chumba chake, ule aliomwita fundi akaung'oa, akaweka pazia la kikwembe. Na choo! Mlikuwa mnamcheka, wewe na ndugu yako, kwa sababu alikuwa haingii chooni bila kuacha mlango nusu wazi, na ili mtu asimkute humo, aliimba wimbo wa kanisa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mliuita wimbo wa choo. Siku moja mkauimba mbele ya mchungaji, naye Koko akacheka kuliko wote. Mimi nilitoka nje. Mlidhani nimekasirika kwa ajili ya mchungaji.

Na vita ya pili. Hiyo huwezi kuisahau, ulikuwa msichana mkubwa. Risasi za kwanza zilipolia tulitoka mbio chumba kwa chumba tukimtafuta Koko, tukamkuta yuko barabarani tayari, mzigo mgongoni, mugozi kwenye paji la uso, ameshatangulia hatua mia. Ukamtania kwamba safari hii shujaa anakimbia wa kwanza. Yeye akasema tu, "Safari hii mutanikuta mbele." Ukanong'ona kwamba uzee umemtia woga. Mwanangu, hakukuwa na uzee pale. Ule ndio ulikuwa mwendo wake wa kweli. Tulitembea mpaka Kalehe kwa siku mbili na nusu, goti na yote, na alituchelewesha kwa muda gani? Alikuwa mbele yetu. Ni sisi tuliomwomba apumzike.

Mama yako ameniita nimletee makaa. Nimemletea. Ameniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikasema moshi.

Mara moja tu nilijaribu kuomba msamaha. Ilikuwa mwaka jana, alipokuwa ameshalala kitandani na pumzi imekuwa fupi. Nilikaa pembeni yake, nikasema, "Maman, ile siku ya mulango..." Akanikata.

"Kama ningesema, batu bangekuita nani?" Akavuta pumzi. "Na batoto bangekuangalia namna gani?"

Kisha akaomba chai, akasema haina sukari, akanituma nikaongeze. Ndivyo alivyonisamehe. Hata sikupewa nafasi ya kulia vizuri. Ungedhani ningebaki na msamaha huo kimya, maana aliulipia kwa kubeba uongo wangu miaka yote kwenye paji lile lile. Badala yake nilifanya nini? Siku ya mazishi nikasimama mbele ya watu, karatasi mkononi, nikasoma kwa sauti ya karani habari za mama aliyekataa kukimbia. Hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa ameshakufa, ningeweza kusema tu kwamba alibeba mizigo na alitupenda. Nikainua macho nikakuona wewe mstari wa mbele. Ulikuwa unalia, na kidevu umekiinua. Nikaona kwamba kitu nilichokisema kimeingia ndani yako na kimekaa.

Hicho ndicho kinachonitoa usingizini. Wenye busara walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilipofundishwa methali hiyo shuleni niliona kama inawacheka waoga. Leo naisoma nikikuwaza wewe na blauzi zako nyeupe, naomba kicheko. Njoo uchekwe. Rudi nyumbani umepoteza kiatu, mtaa mzima ukucheke, mimi nitakuwa wa kwanza.

Sikwambii utupe wagonjwa wako. Sina uso wa kumwambia mtu asimwache mtu. Nikijua kwamba ulitazama mwenyewe, ukapima, ukaamua kubaki na mama anayejifungua kwa sababu hapana mwingine, nitateseka, lakini nitanyamaza. Ila usibaki kwa ajili ya Koko. Koko hakukuachia kazi hiyo. Ukiona wanawake wa Luhwindja wanafunga mizigo, funga wako. Hao ni ndugu zake, wanajua. Na kama kuna mgonjwa anayesema anaweza kutembea, mwamini. Hata kama goti lake ni bovu. Usimpigie hesabu.

Watu wa kule watakupokea kwa ajili yake. Wazee watakutajia habari hiyo, imeshafika, mimi mwenyewe niliipeleka kwenye barua. Sijui utawajibu nini. Kama utawaambia ukweli, nitakuwa nimevuliwa nguo katika kijiji cha mama yangu, na nimekaa hapa mchana huu nikijiuliza kama naweza kulivumilia hilo. Naweza. Nadhani naweza. Nikijiuliza tena kesho huenda nikasema siwezi, ndiyo maana nakuandikia leo.

Nimefika hapa mama yako akaingia na blauzi zako zimekunjwa. Nikaficha karatasi chini ya mkono kama mwanafunzi. Akaweka blauzi kwenye sanduku, akasimama nyuma yangu.

"Unamwandikia juu ya Koko," akasema.

Nikamwuliza tangu lini anajua. Akasema tangu siku nilipowarudisha kutoka Kalehe, alipomsaidia Koko kufungua ule mzigo. Miaka yote hii, Nsimire! Amekula na mimi, amelala na mimi, amenisikiliza nikisoma ile karatasi kaburini. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema ilikuwa ni yangu kuisema, yeye alikuwa anangoja. Halafu akaniambia, "Usisahau triko," akarudi kwenye pasi yake.

Nilikuwa nimeisahau. Au sikutaka kuikumbuka, sijui.

Mugozi wa Koko nimeuweka chini ya blauzi zako. Ni wako. Barua hii nitaikunja ndani yake, uikute ukifika. Nasikia mtu kwenye ngazi, nadhani ni wewe, kwa hiyo nimalizie haraka.

Mliporudi mjini Koko alikupa triko yako ya kijani. Ulifurahi sana, ukawaambia watoto wote wa mtaa kwamba Koko aliiokoa kutoka kwa waporaji. Uliivaa mpaka mikono ikakufika kwenye viwiko. Mama yako ndiye aliyeona ilikotoka, na amenieleza leo. Haikuwa kwenye msumari tena. Ilikuwa ndani ya ule mzigo uliokaa siku kumi na moja nyuma ya mlango, juu kabisa, imekunjwa mahali ambapo mkono unaifikia haraka. Asubuhi ile, mimi nilipokuwa natafuta vyeti, yeye aliiona imesahaulika. Alijua Kalehe kuna baridi. Alikuwa anakuletea.

Papa yako